Karatasi za Reli ya Zamani: Ununue Nini, Uache Nini

Bango linalojulikana kuliko yote katika historia ya reli yetu ni lile la mwanzoni mwa karne ya 20 linalowaita matajiri wa Ulaya waje kukaa nyanda za juu za Afrika Mashariki wakati kwao ni baridi. Treni imezungukwa na wanyama wa porini, kana kwamba nao wametoka kupokea wageni. Limechapwa upya mara nyingi mno. Utalikuta kwenye kuta za mikahawa, kwenye vikombe na fulana, na fundi mzuri wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, anaweza kukuchapia lako ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri. Wanaoniuliza waanzie wapi kukusanya karatasi za kale za reli karibu wote hulitaja hilo kwanza. Nami huwaambia waachane nalo. Bango halisi ni adimu, na wanaolinunua ni watu wa minada ya Ulaya. Kwa mshahara wa mwalimu, au kwa pesa za matumizi za mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, utaishia kununua nakala ya nakala.

Tafuta karatasi iliyofanya kazi. Namaanisha tikiti iliyotobolewa na mkaguzi, stakabadhi ya marobota ya pamba yenye mhuri wa stesheni, ratiba ambayo karani amesahihisha saa kwa penseli, bahasha ya mshahara, pasi ya likizo ya fundi na mkewe. Kwa mizani hiyo, karatasi chafu yenye jina la mtu, tarehe na stesheni inaishinda safi isiyo na kitu. Wauzaji wengi hawajui hivyo, na hapo ndipo mnunuzi mwenye mfuko mdogo anapopata nafasi.

Tikiti ndiyo shule ya kwanza. Ya zamani ni kipande cha kadibodi ngumu chenye urefu wa milimita 57 na upana wa 30 hivi, mtindo uliobuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830 na kuenea karibu kila penye reli duniani. Ishike kwenye kingo. Utaona namba ya mfululizo, ambayo ndiyo iliyomzuia karani asiuze tikiti na kutia pesa mfukoni, maana jioni namba na hesabu ya fedha vilipaswa kukubaliana. Tazama ncha yake: tarehe iligongwa kwa mashine ndogo ya mezani, na ukiilaza tikiti chini ya taa ya pembeni utaona alama zimebonyea kwenye kadibodi hata pale wino uliporuka. Kisha tafuta tundu au pengo la koleo la mkaguzi. Rangi ilitofautisha madaraja, ili mkaguzi ajue kwa jicho moja nani amekaa pasipo pake.

Jambo moja linawachanganya wanaoanza. Daraja la tatu ndilo lililobeba watu wengi, kwa hiyo tikiti zake zilichapwa kwa wingi kuliko nyingine. Mbona basi hazionekani? Kwa sababu abiria alirudisha tikiti mlangoni aliposhuka. Zilizobaki mikononi mwa watu ni zile zilizoponyoka: nusu ya kurudia ambayo haikutumika, tikiti ya kuingilia jukwaani, au tikiti ya mtu aliyeshuka gizani kwenye stesheni ndogo isiyo na karani. Vilevile yapo mafungu ya tikiti ambazo hazikuuzwa kamwe, zilizokutwa kwenye makabati ya stesheni zilipofungwa. Hizo zinang'aa, zinapendeza na zinauzwa kwa mafungu. Nunua moja ya kujifunzia, basi.

Baada ya tikiti, jifunze kusoma umri wa karatasi kwa mambo mawili, jina la shirika na sarafu. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 kwa jina la Uganda Railway, na jina hilo lilidumu hadi 1926 lilipogeuka kuwa Kenya and Uganda Railway. Baadaye likaongezwa neno la bandari. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, na mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ikabaki na shirika lake. Karatasi inayodai kuwa ya 1935 huku kichwani ina jina la 1948 imekwisha kujishtaki yenyewe.

Sarafu inapunguza wigo zaidi. Nauli za mwanzo zilikuwa kwa rupia na ana, kwa mtindo wa India. Kuanzia mwaka 1905 hivi rupia ya huku ikagawanywa kwa senti 100. Mwaka 1920 ikaja florini, sarafu ambayo haikukaa sana, na kufikia mwishoni mwa 1921 shilingi ilikuwa imeingia. Kwa hiyo stakabadhi yenye ana ni ya miaka ya mwanzo kabisa, na yenye florini ni ya dirisha dogo sana la muda. Ukiipata hiyo ya florini, hata kama imechanika pembe, usibishane sana juu ya bei.

Kuna jambo la mipaka ambalo mkusanyaji wa Uganda asipolijua atalipia jina tupu. Reli ilifika ziwani, pale palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, Desemba 1901. Wakati huo sehemu ile bado ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Matokeo yake, Reli ya Uganda ikabaki na jina letu huku haina hata maili moja ndani ya Uganda tunayoijua. Karatasi nyingi zenye jina hilo ni za Voi, Makindu, Nairobi na Nakuru. Ni nzuri, sizikatai, ila usikubali kutozwa zaidi kwa kuambiwa kwamba ni "za kwetu".

Za kwetu hasa zinaanza mwaka 1912, kwa Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali, ambako abiria na pamba walihamia kwenye meli za kwenda Ziwa Kyoga na Masindi Port. Reli ya kutoka Kenya ikafika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kuvuka Nile. Njia ya Kasese ilifunguliwa 1956. Mkazi wa Kyambogo anayesikia honi ya treni ikipita kati ya Nakawa na Kireka anasikia njia hiyo ya 1931. Kama ningekuwa naanza leo na fedha kidogo, ningeacha mengine yote nikatafuta Namasagali tu: risiti, stakabadhi za mizigo, bahasha zilizopita posta yake, picha za gatini. Mji wenyewe ulibaki kando ya njia, karatasi zake ni chache, na bado hakuna msururu wa watu wanaozitafuta.

Wale waliosoma juu ya wakusanyaji wa Marekani huja na ndoto ya hati za hisa. Kule reli zilijengwa na makampuni yaliyouza hisa na dhamana kwa umma, kwa hiyo kabla na baada ya tarehe 10 Mei 1869, njia mbili zilipokutana Promontory huko Utah, zilichapwa hati nyingi zenye michoro ya injini, malaika na wakulima. Leo kuna watu wanaokusanya hizo tu. Reli ya Uganda haikuwa hivyo. Ilijengwa na serikali ya Uingereza kwa fedha zilizoidhinishwa na bunge lake, na gharama ikapita pauni milioni 5. Haikuwa kampuni na haikuuza hisa. Mtu akikuletea "hati ya hisa ya Reli ya Uganda, 1898", mshukuru kwa chai na uondoke.

Anayependa hati hizo za mapambo asikate tamaa. Ageuze macho magharibi na kusini. Kampuni ya Kibelgiji ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyoanzishwa 1902 na kujenga njia za Kindu hadi Kongolo na Kabalo hadi Ziwa Tanganyika, iliuza hisa nyingi, na hati zake bado zinapatikana kwa wauzaji wa Ulaya bila kukufilisi. Upande wa Wajerumani kulikuwa na kampuni ya reli ya Afrika Mashariki, ile ya njia ya kati iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Nayo ilitoa hati. Zimeandikwa Kijerumani, kwa herufi zile za kizamani zinazoumiza macho.

Picha na kadi za posta ni bahari nyingine. Mpiga picha William D. Young alifuata ujenzi wa Reli ya Uganda na kamera yake, na picha zake za mataruma, madaraja ya miti na kambi za mahema zimenakiliwa kizazi baada ya kizazi. Karibu Wahindi 32,000 waliletwa kujenga njia ile, na wapatao 2,500 walikufa; katika picha nyingi wapo, wameinama, bila jina. Ukikutana na karatasi yenye majina yao, iwe mkataba, orodha ya mishahara au cheti cha hospitali ya kambi, hiyo ina uzito kuliko albamu nzima ya simba wa Tsavo.

Kwa kadi za posta, geuza nyuma kwanza. Kadi za mwanzo kabisa hazina mstari wa kugawa upande wa anwani: nyuma ni anwani tu, na salamu ziliandikwa mbele kwenye ukingo wa picha. Uingereza iliruhusu mgawanyo mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi yenye mstari katikati inayodai kuwa ya 1899 inadanganya. Kwa stempu nitasema kidogo, maana wakusanyaji wake wana vitabu na vyama vyao: zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1935 zina daraja la Jinja, na za reli za 1976, kati ya za mwisho za Jumuiya ya kwanza, zina daraja la Nile, stesheni ya Nakuru, injini ya zamani ya Reli ya Uganda na njia ya TAZARA. Zote ni rahisi kupata na zinamfaa mtoto. Zile za taipureta alizopiga mmisionari Ernest Millar kule Mengo mwaka 1895, kabla hata taruma la kwanza halijalazwa Mombasa, usiziguse bila cheti cha mtaalamu. Mtu yeyote mwenye taipureta mbovu anaweza kujaribu kuzighushi, na wengi wamejaribu.

Vifaa vya kukagua havizidi begi la shule. Cha kwanza ni kioo cha kukuzia mara kumi. Ukikiweka juu ya bango au kadi ukaona picha nzima, pamoja na maandishi, imejengwa kwa vijinukta vya rangi nne vilivyojipanga kama maua, hiyo ni nakala ya mashine za kisasa. Uchapaji wa zamani wa mawe huonyesha rangi nzito zisizo na mpangilio huo, na maandishi yake yana kingo kamili. Cha pili ni ile taa ndogo ya zambarau wanayotumia wabadilisha fedha kukagua noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa ya weupe, na chini ya taa hiyo zinawaka samawati. Tikiti ya 1910 haipaswi kuwaka. Cha tatu ni pua na subira. Karatasi iliyochovywa kwenye chai ili izeeke huwa na rangi moja pande zote, hata ndani ya mikunjo. Iliyozeeka kwa haki imekolea kingoni na kwenye mkunjo ulioshikwashikwa, na ndani yake bado ni nyeupe kidogo.

Usome pia mstari mdogo wa chini, pale mchapaji anapoweka jina lake na mara nyingine mwaka na idadi ya nakala. Fomu zilizochapwa kwa mchapaji wa serikali wa Entebbe au Nairobi mara nyingi zina msimbo huo, na wanaoghushi husahau kuuweka au huuweka mkubwa mno.

Sasa, karatasi zenyewe ziko wapi? Chache ziko sokoni. Nyingi ziko majumbani, ndani ya masanduku ya bati, kwa familia za watu waliofanya kazi karakana ya Nalukolongo, walioishi nyumba za reli za Nsambya, waliohudumu Tororo, Jinja na Kasese. Ukienda huko, nenda kama mgeni. Chukua sukari na mkate. Msalimie mzee mpaka salamu ziishe, uulize habari za kazi, uulize alikuwa stesheni gani na nani alikuwa stesheni masta wake. Usitaje bei siku ya kwanza. Ukitaja bei mapema, jjajja, yaani babu au bibi, ataanza kudhani kila karatasi ni dhahabu, au vijana wa nyumbani watadhani hivyo kwa niaba yake, na sanduku litafungwa.

Na likifunguliwa, uwe na adabu na unachokiona. Jumuiya ilipovunjika 1977, wafanyakazi wake walibaki na madai ya mafao yaliyochukua miaka mingi sana. Barua za ajira, kadi za utumishi na hati za mishahara zilihifadhiwa kwa sababu hiyo, zikiwa ushahidi. Hata pale mwenyewe amefariki, wajane na watoto wanaweza kuzihitaji. Karatasi za namna hiyo usizinunue. Omba kuzipiga picha kwa simu, andika majina na tarehe, urudishe palepale sandukuni mbele ya macho yao. Barua za familia za Kihindi zilizoachwa mwaka 1972, watu walipopewa siku 90 waondoke, nazo zina wenyewe. Wengine wana wajukuu London au Toronto ambao wangefurahi kuziona. Kabla ya kununua rundo la hesabu za duka la Jinja au Mbale, jaribu kwanza kumtafuta mwenye jina.

Kuna karatasi za kukataa kabisa: yoyote yenye namba ya jalada, mhuri wa ofisi ya kumbukumbu au matundu ya uzi wa faili, inayouzwa na mtu asiyeweza kueleza ilivyotoka. Mali ya umma haiwi yako kwa sababu imepita mikononi mwa kijana wa mlangoni. Unayetaka kuzisoma nyaraka hizo, nenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Wandegeya, au panda basi hadi makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Jinja nako kuna makumbusho ya reli.

Ukishapata chako, adui wa kwanza ni huruma yako mwenyewe. Ukishuka mlima wa chuo cha Kyambogo kuelekea Banda utapita vibanda vya fotokopi, na kila kimoja kina mashine ya laminesheni. Tumezoea: cheti cha shule kikitoka, kinafungwa plastiki siku hiyohiyo. Kwa tikiti ya 1920 hiyo ni hukumu ya kifo. Joto huikausha, gundi huingia kwenye nyuzi za karatasi na haitoki tena, na mkusanyaji yeyote makini ataihesabu kuwa imeharibika. Selotepu ni ndugu yake. Miaka kumi ijayo itaacha doa la kahawia lililo baya kuliko mpasuko uliotaka kuuziba. Toa pini za stepla taratibu, maana kutu hula karatasi. Usifute penseli. Usioshe. Usinyooshe kwa pasi, hata iwe ya vuguvugu.

Weka kila kipande kwenye mfuko wa poliesta au bahasha ya karatasi isiyo na asidi; mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali iepuke. Sanduku likae kwenye kabati la ukuta wa ndani wa nyumba, futi moja au zaidi kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, mbali na jiko na dirisha. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lifungue kila mwezi uangalie ukungu na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi. Dawa ya nondo isigusane na karatasi. Piga skani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Kisha, juu ya bahasha na si juu ya kitu chenyewe, andika kwa penseli umekipata kwa nani, wapi, lini, na alikwambia nini. Maelezo hayo ndiyo yatakayotofautisha mkusanyo wako na rundo la takataka siku utakapotaka kuuza au kuugawa.

Usisahau reli mpya. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki kwa ajili ya reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Miradi kama huo huzaa karatasi: matangazo ya fidia ya ardhi, fomu za kuthamini mimea na nyumba, vipeperushi, kalenda, vitambulisho vya vibarua, mabango ya mikutano ya vijiji. Karibu zote zitatupwa. Chukua mbili mbili pale zinapogawiwa bure, na usiondoe tangazo ambalo wananchi bado wanalihitaji kulisoma.

Kwa tikiti za siku hizi kuna tahadhari ya pekee. Zile za treni ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza 2017, na nyingi za mashine ndogo za mkononi huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini isiyotumia wino. Maandishi hayo hufifia yenyewe, na yakikutana na jua, plastiki au mafuta ya mikono hufifia haraka zaidi. Ipige skani jioni hiyohiyo ukifika nyumbani, kisha nakili kwa mkono stesheni, tarehe, behewa na nauli kwenye bahasha.